Mgongo unauma kila asubuhi: je, godoro gumu ndilo dawa?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41 na kilo 62, nalala ubavu. Mume wangu ana kilo 98, yeye hulala chali usiku kucha. Godoro letu ni la sponji, inchi 8, tumelilalia miaka 9. Mwaka mzima sasa naamka na maumivu ya kiuno. Nikishatembeatembea kama robo saa yanaachia, mchana nasahau kabisa. Tulipokwenda kwa ndugu zetu siku 4 sikuumwa hata asubuhi moja. Isitoshe, usiku naporomokea upande wa mume wangu, na yeye akigeuka lazima niamke. Muuzaji anatushauri tuchukue godoro gumu kabisa la 'othopediki', anasema gumu ndilo linalonyoosha mgongo. Dada yangu anasema hilo litaniua mabega. Mume wangu anataka tuweke ubao chini ya hili la zamani tuokoe hela. Nani yuko sahihi, na nitalijuaje godoro zuri wakati dukani yote yanafanana?"

Marahaba, dada yangu. Nianze kwa kurekebisha cheo: mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, si daktari. Lakini migongo ndiyo kazi yangu, na swali la godoro hunifikia mara nyingi kuliko maswali ya dawa. Lako limenifurahisha kwa sababu umeeleza mambo ambayo wengi huyasahau: uzito wa kila mmoja, mnavyolala, umri wa godoro, na zile siku 4 za ugenini.

Hizo siku 4 ndizo zilizonivutia zaidi. Maumivu yanayokuja asubuhi, yanayoachia ndani ya robo saa, na yanayopotea ukilala kitanda kingine, yananifanya nilishuku godoro kabla ya kuushuku mgongo. Sisemi nina hakika. Ugenini pia hukuinua ndoo wala kuamka na haraka za kazi, na mapumziko peke yake hutuliza kiuno. Kwa hiyo, kabla hamjatoa hela yoyote, fanya jaribio moja: lala kwenye kitanda kingine hapo hapo nyumbani kwa wiki nzima ya kazi, wiki ya kawaida yenye shughuli zako zote. Kama hakuna kitanda kingine, badilishana upande na mume wako, au geuzeni godoro kichwani kuwe miguuni. Asubuhi zikibadilika, mmeshampata mshitakiwa.

Kisha likagueni lenyewe. Toeni shuka, chukueni mpini wa ufagio ulionyooka, mulaze kutoka ukingo mmoja hadi mwingine pale mnapolalia makalio. Chungulieni chini yake. Nafasi ya vidole viwili vilivyolazwa si ya kutisha kwa godoro lililotumika. Ikiwa ngumi nzima inapita chini ya mpini, godoro limekufa, hata kama kitambaa chake bado kinang'aa. Nadhani mtaona bonde kubwa upande wa mume wako, linaloteremkia upande wako. Ndiyo maana unaporomoka. Na usifikiri unapoporomoka unalala tu: misuli ya kiuno na nyonga hukaza usiku kucha ikikuzuia usibiringike, kama mtu aliyelala kwenye mteremko. Asubuhi misuli hiyo imechoka, nawe unasema mgongo unauma.

Sasa niwageukie washauri wako.

Muuzaji ana imani ambayo hata sisi wa hospitali tuliieneza kwa miaka mingi. Wagonjwa waliambiwa walale kwenye ubao, au chini kwenye mkeka, eti mgongo unyooke. Mwaka 2003 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na sababu maalumu. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu yenye ugumu wa wastani, bila kuambiwa nani amepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka, na shughuli za mchana ziliwasumbua kidogo kuliko wenzao. Huo ni wastani wa watu wengi, haumaanishi kwamba hakuna mtu anayefaa kulalia godoro gumu. Lakini unatosha kuiondoa ile kauli ya "gumu ndilo tiba".

Mgongo wenyewe haujanyooka kama rula, na haupaswi kunyooshwa. Ukiutazama kwa ubavu una mapindo: shingoni unaingia ndani, kifuani unatoka nje, kiunoni unaingia tena. Godoro zuri hulifuata umbo hilo. Unapolala ubavu, mwili wako unagusa godoro kwa eneo dogo, na uzito mwingi unaangukia sehemu mbili, bega na nyonga. Godoro likiwa gumu mno sehemu hizo hazizami, kiuno kinabaki kinaning'inia hewani, na uti wa mgongo unapinda kuelekea chini. Bega nalo linabanwa, mkono unakufa ganzi, unageuka mara kumi. Hapo dada yako yuko sahihi. Likiwa laini mno, nyonga, ambayo ni nzito, inadidimia kuliko vingine, na mgongo unapinda vilevile. Kwa anayelala chali kama mume wako, uzito umetawanyika vizuri zaidi. Shida yake ni makalio kuzama hadi alale kama aliye kwenye machela.

Na hapa kuna jambo ambalo wanandoa wengi hubishania bila kulijua. Godoro lilelile mnalolalia wawili si godoro moja. Ugumu anaouhisi mtu unategemea uzito anaouleta. Sponji ambayo kwako wa kilo 62 ni ngumu kiasi, kwa mtu wa kilo 98 ni laini, kwa sababu anaibonyeza hadi ndani zaidi. Mkienda dukani mkajaribu kwa zamu, mmoja akasema "hili gumu" na mwenzake akasema "mbona laini", wote wawili mnasema kweli.

Neno "othopediki" lisikutie hofu wala matumaini. Halina kipimo cha kitabibu kinachokubalika duniani kote. Kiwanda kinaweza kuliandika kwenye godoro lolote. Mara nyingi lina maana moja tu: gumu.

Kuhusu mume wako na ubao wake, ana hoja nusu. Ubao unasaidia kama tatizo liko kwenye kitanda, hausaidii kama liko kwenye sponji. Inueni godoro mtazame chaga. Ziko imara au zinanesa mkizikanyagia? Ipo iliyopasuka? Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, la sivyo sponji hujipenyeza humo na kuanza kuchoka kwa mistari. Kitanda kipana kinahitaji mguu wa katikati. Bila huo chaga hupinda pole pole na godoro jipya mtakalonunua litalifuata pindo hilohilo. Nimewahi kumuona mtu aliyebadilisha magodoro mawili kabla hajagundua kwamba mguu wa katikati wa kitanda chake haukuwa ukigusa sakafu. Ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Alichohitaji ni kipande cha mbao. Ila kama mpini wa ufagio umeonyesha bonde kubwa juu ya chaga zilizonyooka, ubao utabaki chini na bonde litabaki juu. Na mkiweka ubao wowote, utobolewe matundu, kwa sababu jasho la usiku linahitaji pa kutokea; godoro lisilopumua huota ukungu upande wa chini.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Utalijuaje godoro zuri?

Wanunuzi wengi hulibonyeza kwa kiganja, likiwa gumu wanasema ni imara, likiwa laini wanasema ni hafifu. Ugumu na uimara ni vitu viwili tofauti kabisa. Fikiria kitambaa hafifu kilichotiwa wanga: dukani kinasimama wima, unadhani umepata kitu, ukikifua mara moja kinalegea. Sponji nayo inaweza kutengenezwa ikawa ngumu huku ndani ni hewa tupu. Inakaa hivyo miezi kadhaa, halafu kuta ndogondogo za vijishimo vyake zinavunjika kwa kubonyezwa kila usiku, na joto na unyevu wa mwili vinaongeza kasi. Kinachoipa sponji maisha marefu ni wingi wa mali iliyomo, yaani kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo. Wauzaji huita densiti. Sponji nzito inaweza kuwa laini na ikadumu miaka mingi.

Uzuri ni kwamba densiti unaweza kuikadiria mwenyewe kwa mizani ya bafuni. Anza na hili lenu la zamani, upate mazoezi. Tuseme lina urefu wa mita 1.9, upana 1.5 na unene wa inchi 8, ambazo ni kama mita 0.2. Zidisha: 1.9 mara 1.5 mara 0.2 ni 0.57. Likunjeni, mlifunge kwa shuka, mume wako apande mizani amelikumbatia. Mizani ikisoma 110, ondoa 98 zake, zinabaki 12. Ondoa kilo moja hivi ya kitambaa, zinabaki 11. Gawanya 11 kwa 0.57, unapata kilo 19 na ushee kwa mita ya ujazo. Kama ndivyo lilivyo lenu, basi mlinunua godoro la chumba cha wageni mkalilaza kwa kazi ya kila siku.

Kwa sponji ya kawaida, mimi hushauri hivi: chini ya 20 liachwe kwa mtu mzima anayelilalia kila usiku. Kati ya 25 na 28 linamtosha mtu mwepesi kama wewe. Kwa uzito wa mume wako nisingeshuka chini ya 30, na likifika 35 ni afadhali zaidi. Muulizeni muuzaji namba hiyo, na akiwajibu "hili ni zito sana" bila namba, ombeni lipimwe. Ila muwe waangalifu na sponji ya vipande vilivyogandishwa, ile ukifungua zipu unaiona ina rangi rangi kama kachumbari. Hiyo inaweza kupita hata kilo 60 kwa sababu ya gundi na kushindiliwa, na ni ngumu kweli. Haiharibiki upesi, lakini kwa mtu wa ubavu kama wewe itahitaji tabaka laini juu yake. Godoro lisilo na zipu wala maelezo ya kilichomo ndani ningeliacha dukani.

Unene msiutukuze. Inchi 10 za sponji nyepesi huzama kabla ya inchi 8 za sponji nzito. Kwa mume wako inchi 8 ndiyo iwe ya chini, basi.

Aina za magodoro zipo nyingi, nitazigusa kwa kadiri ya tatizo lenu. Zile za springi za kizamani, ambazo koili zake zimeunganishwa kwa waya, zinabeba uzito vizuri na zinapitisha hewa, lakini mmoja akigeuka mawimbi yanafika kwa mwenzake. Kwako wewe hizo hapana. Springi zilizoshonewa kila moja kwenye mfuko wake zinafanya kazi moja moja: anapolala yeye zinashuka, ulipolala wewe zinabaki juu. Kwa watu waliotofautiana kilo 36, hizi nazipenda, mradi tabaka la sponji lililo juu lisiwe lile hafifu, kwa kuwa mara nyingi springi hubaki nzima na bonde likawa la sponji ya juu. Mpira asilia ni mzuri na unadumu, ila ni mzito kuugeuza, bei yake huwa juu, na mwenye mzio wa mpira aulizie kwanza.

Kuna ile sponji inayobaki na alama ya kiganja ukiibonyeza, sponji ya memori. Ilibuniwa mwaka 1966 kwa kazi ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya viti vya ndege, na baadaye ikaingia vyumbani. Inameza mtikisiko kuliko zote na bega lako litaifurahia. Kasoro yake ni kwamba inalainika kwa joto la mwili na kulihifadhi joto hilo, hivyo wanaotoka jasho huilalamikia, na mtu mzito huhisi kama amekwama anapotaka kugeuka. Ningeichukua kama tabaka la sentimita 5 juu ya kitu kigumu chini yake, si godoro zima.

Ningekuwa ninyi, ningefikiria kwanza jambo ambalo wauzaji hawalitaji: magodoro mawili ya upana mdogo ndani ya kitanda kimoja. Katika nchi kadhaa za Ulaya hilo ni la kawaida kwa wanandoa. Lako la wastani linaloelekea ulaini, lake la wastani linaloelekea ugumu, unene sawa, shuka moja kubwa juu. Hakuna kuporomoka, hakuna mawimbi. Ufa wa katikati unazibwa kwa tandiko jembamba linalofunika yote mawili. Kama moyo wenu unakataa magodoro mawili (wengine wanaona kama wametengana, nawaelewa), chagueni moja lenye ugumu wa wastani kwa vipimo vya mume wako, kisha wewe uwekewe tabaka laini upande wako tu. Kosa ni kuchagua kwa ajili yako halafu yeye akalizamisha, maana mkirudi kwenye bonde wote mnaumia.

Dukani nendeni wote wawili, tena msiwe na haraka. Vueni viatu, laleni pamoja kama mnavyolala nyumbani, na mto wa unene kama wenu, kwa robo saa nzima. Mtaona aibu dakika mbili za kwanza, kisha itapita. Mume wako asimame nyuma yako ukiwa ubavu: mstari kutoka shingoni hadi kwenye kifandugu uwe umenyooka, usipinde kama upinde wala kubonyea. Yeye akiwa chali, pitisha kiganja chako chini ya kiuno chake. Kikipita kwa urahisi kama mlangoni, ni gumu mno kwake; kikigoma kabisa, amezama; kikipita kwa kusukumasukuma kidogo, hapo ndipo. Ulizeni pia kama mnaweza kulirudisha au kulibadilisha, na kwa siku ngapi, na mpewe kwa maandishi.

Mto usisahaulike. Kwa mlala ubavu, mto lazima uzibe nafasi yote kati ya sikio na godoro, la sivyo umetengeneza kiuno ukaharibu shingo. Godoro jipya likikuzamisha bega zaidi, mto wa zamani utakuwa mrefu mno. Na mto wa pili katikati ya magoti huzuia mguu wa juu usiivute nyonga mbele. Huu haugharimu kitu, unaweza kuanza leo usiku.

Likifika nyumbani, ondoeni nailoni iliyokuja nalo. Najua wengi huiacha ili godoro lisichafuke, lakini inafungia jasho ndani na kuua sponji mapema. Tafuteni kifuniko cha kitambaa kinachofulika. Kila baada ya miezi 3 lizungusheni, kichwani kuwe miguuni. Na jipeni wiki 3 au 4 kabla ya kuhukumu, kwa sababu mwili uliozoea bonde miaka kadhaa hulalamika hata unapolazwa vizuri. Maumivu kidogo mapya wiki ya kwanza yanavumilika. Yanayozidi siku hadi siku hayavumiliki.

Jambo jingine ambalo halina uhusiano na duka lolote: usiku, diski zilizo kati ya pingili za mgongo hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja na zaidi. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa. Nusu saa ya kwanza, epuka kuinama kutandika kitanda au kufua. Amka kwa kugeukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kwa baadhi ya watu hili peke yake limepunguza malalamiko.

Godoro lisikucheleweshe kutibiwa, ndugu yangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu unazokalia, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukilegea. Usisubiri pia kama maumivu yamekuja baada ya kuanguka, yanafuatana na homa au kukonda bila sababu, au uliwahi kuugua saratani. Maumivu yanayokuamsha usiku wa manane, yenye ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa kwa zaidi ya miezi mitatu, hasa yakiwa yalianza kabla ya umri wa miaka 45, huenda ni ugonjwa wa viungo unaohitaji vipimo. Yako ya robo saa hayaelekei huko, ila uyachunge.

Na kama utalala kitanda kingine wiki nzima na asubuhi zikabaki zilezile, usinunue chochote kwanza. Chukua karatasi, andika kwa wiki mbili saa uliyoamka, dakika ngapi maumivu yalidumu na ulifanya nini jana yake, kisha umpelekee mtaalamu wa viungo aliye karibu nawe akupime kwa mikono. Karatasi hiyo itamsaidia kuliko picha ya mgongo ambayo pengine huihitaji.